Mrao, Gumegume, Fataki: Maneno ya Bunduki za Kale na Kazi Yake Leo

Katika masomo yetu hoja moja hurudi mara kwa mara: kwamba Kiswahili hakina maneno ya kueleza mitambo, na anayetaka kueleza mashine hana budi kukimbilia Kifaransa. Makala haya yanaipima hoja hiyo kwa kitu kilichotoka mbali na Mumosho ninakoandikia, yaani bastola ya Kiingereza iitwayo Kerr. Ilitengenezwa na London Armoury Company kuanzia 1859, na nyingi zilinunuliwa na majeshi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865.

Bastola hiyo ina silinda yenye vyumba vitano. Kila chumba hutiwa baruti, kisha risasi, na vyote hushindiliwa. Nyuma ya kila chumba kuna chuchu ndogo ya chuma inayovishwa fataki, yaani kikofia cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Mpigaji huvuta nyundo kwa kidole gumba, na silinda huzunguka ili chumba kimoja kikae sawa na mtutu. Akifyatua, nyundo hupiga fataki, moto hupenya tundu la chuchu, baruti huwaka na risasi hutoka.

Ukiondoa silinda, sikulazimika kuazima neno jipya. Wasafiri na wafanyabiashara wa karne ya 19 walikuwa na msamiati kamili wa silaha zao, tena ulioainishwa vizuri. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki ndiyo ndugu ya Kerr. Bunduki ya viasi ilitumia risasi na baruti vilivyofungwa pamoja, vikaingizwa kwa nyuma. Kila jina linataja namna ya kuwasha au kujaza, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya nguvu ilipokuwa.

Tofauti hiyo haikuwa ndogo. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekea mipaka biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Katika vita vya 1892 hadi 1894 huku mashariki mwa Kongo, askari wa Dhanis walikuwa na bunduki za Albini, ambazo ni za viasi. Wapiganaji wengi wa upande wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, walikuwa na bunduki za kushindilia kwa mdomo wa mtutu. Nyangwe na Kasongo zilianguka 1893. Mfasiri anayeandika “bunduki” kwa pande zote mbili hajasema uongo, lakini amemficha msomaji sababu mojawapo ya ushindi.

Maneno haya yana mafunzo ya kiisimu pia. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi. Huku kwetu ri- ya mwanzo imechukuliwa kama kiambishi cha ngeli ya 5, ndiyo maana tunasema masasi kwa wingi. Kilingala kina lisasi na masasi. Ng'ambo ya Ruzizi, Wanyarwanda husema isasu na amasasu. Jina la Tippu Tip nalo, kwa maelezo yake mwenyewe, ni tanakali ya sauti ya bunduki zake.

Fataki yenyewe imehama. Leo wengi huijua kama baruti ya sherehe, na Tanzania imekuwa jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, kutokana na kampeni ya redioni. Mwanafunzi anayekutana na “fataki” katika maandishi ya karne ya 19 akiwa na maana hizo tu atapotea.

Kwetu Kivu jambo hili halikomei kwenye historia. Shahidi anaposema kwa Kiswahili kwamba aliona bunduki, na maneno yake yakaandikwa kwa Kifaransa, mtu fulani huchagua kama ilikuwa silaha ya kijeshi au ya mwindaji. Chaguo hilo linaweza kubadili anayeshukiwa. Mkalimani asiye na maneno ya kuuliza “ilijazwa vipi?” ataandika anachokisia.

Kwa hiyo ninapendekeza kazi ambayo kitivo chetu kinaweza kuianza bila fedha nyingi: tuwaulize wazee, hasa wawindaji na wahunzi, majina ya sehemu za bunduki za kushindilia katika Kiswahili cha hapa na katika Mashi, tuyaandike pamoja na matumizi yake. Kabla ya kuunda istilahi mpya, tuhesabu kwanza tulizo nazo.