Kutoka Jichoni Hadi Puani: Utangulizi wa Elimu ya Chambo

Mji wa Maua, huku Igembe katika milima ya Nyambene, Meru, unajulikana kwa miraa na majani chai, si kwa samaki. Wazee wengi wa Igembe walikua bila kuonja samaki, na hata leo samaki rahisi kumpata sokoni ni omena mkavu aliyesafiri kutoka Ziwa Victoria. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba huku Nyambene ndiko pazuri pa kuanzia elimu ya chambo, una haki ya kucheka. Ukishacheka, tazama ramani. Magharibi uko Mlima Kenya na vijito vyake vya baridi kali, makao ya trauti. Kusini-mashariki uko Mto Tana, mpaka wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, wenye kambare, mikunga na mamba. Katikati inateremka mito ya Kathita, Thuchi, Rupingazi, Ura na Thangatha, ambayo maji yake yote huishia Tana, moja kwa moja au kwa kupitia mto mwingine. Mkazi wa Meru au Embu anaweza kuyafuata maji hayo kutoka juu hadi chini na kukutana na karibu kila aina ya chambo kinachotumika katika maji matamu.

Mgeni wa elimu hii huja na swali moja: chambo bora ni kipi? Swali hilo halijibiki. Mnyoo unaomnasa kambare usiku huu huenda usimshtue trauti wa Kathita ya juu kesho asubuhi. Swali linalojibika ni hili: samaki ninayemtaka anakitambuaje chakula chake, kwa jicho, kwa pua au kwa hisi nyingine? Huku kwetu jibu linabadilika kadiri mto unavyoteremka. Juu maji ni maangavu na samaki huwinda kwa macho. Chini yamebeba udongo wa mashamba, macho hayafai kitu, na pua inatawala. Ukiushika mwenendo huo, mengine yote katika elimu ya chambo utayapangilia mwenyewe.

Tuanzie juu. Trauti si mwenyeji wa hapa. Trauti wa kahawia waliletwa Kenya mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan alipowatia katika mto Gura huko Nyandarua, na baadaye uzao wa trauti ukasambazwa hadi mito ya Mlima Kenya. Kituo cha kuzalishia trauti cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1952 mtafiti V. D. van Someren alichapisha kitabu kizima kuhusu maisha ya samaki huyu nchini. Trauti hukaa kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akingoja maji yamletee chakula. Hana haja ya kunusa, anatazama. Ndiyo maana wavuvi wake hutumia nzi bandia, yaani manyoya ya jogoo na uzi vilivyofungwa kwenye ndoano ndogo.

Nzi huyo hachaguliwi kwa uzuri wake mkononi. Ingia majini hadi magotini, inua jiwe lililo chini ya mkondo, uligeuze. Upande wa chini utaona viluwiluwi vya wadudu vimejibana: vingine bapa, vyenye miguu sita na mikia mitatu, vingine vimejijengea vifuko vya mchanga. Hicho ndicho chakula cha siku. Tafuta katika kikasha chako nzi anayelingana navyo, kwanza kwa ukubwa, kisha kwa rangi. Halafu mwache aelee kwa mwendo uleule wa maji, kwa maana trauti humkataa nzi anayeburutwa na mshipi. Nzi bandia ana faida nyingine: kwa kawaida hushika mdomoni, hivyo samaki mdogo hurudishwa majini akiwa mzima. Chambo cha nyama mara nyingi humezwa hadi tumboni, na ndoano iliyofika huko ni vigumu kuitoa bila kuua.

Tukiteremka kidogo tunafika kwenye mabwawa na mito ya wastani, makao ya ngege. Wengi wamemjua samaki huyu kupitia mpango wa serikali wa mwaka 2009 wa kufufua uchumi, ulioanza kwa kulenga mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140. Meru ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyonufaika. Ngege hula mimea midogo ya majini, mabaki na wadudu, na kinywa chake ni kidogo. Utumbo wake, mrefu mara nyingi kuliko mwili wake, ni ushahidi wa mlaji wa mimea. Tonge la ugali lisizidi punje ya harage, na kipande cha mnyoo kifunike ncha ya ndoano tu. Ukimwekea kikubwa, atakidonoa pembeni mpaka kiishe nawe usijue. Na jike la ngege wetu linapotunza mayai kinywani huwa karibu halili chochote, hivyo likikipita chambo chako, kosa si la chambo.

Katika ukanda huu ndipo mvua huleta chambo kitamu kuliko vyote: kumbikumbi. Mvua za kwanza za Machi au Oktoba zikinyesha, vichuguu hufunguka. Watu wa huku hawangoji waruke. Hukifunika kichuguu kwa majani ya migomba, huacha tundu moja lenye mwanga, na mbele ya tundu huchimba shimo na kuweka sufuria. Kumbikumbi hutoka wakifuata mwanga, hutumbukia na kupukutisha mabawa. Nusu huenda jikoni, nusu kwenye mshipi. Wakati wa kumtia ndoanoni, mchome kifuani palipo pagumu. Tumbo lake limejaa mafuta na hupasuka kwa mguso wa kwanza wa maji. Kumbuka pia kwamba siku kumbikumbi wanapoanguka majini wenyewe, samaki hupanda juu kuwala. Chubwi liondoe, chambo kielee.

Wakati mwingine wa mwaka ni zamu ya nyungunyungu na panzi. Nyungunyungu hupendelea udongo mweusi wenye unyevu: kando ya zizi, chini ya migomba, pembeni mwa mfereji wa maji ya jikoni. Wahifadhi kwenye mkebe uliotobolewa, pamoja na udongo wao na majani mabichi, kivulini. Mkebe uliofungwa kabisa ukiachwa juani hukupa uozo badala ya chambo. Panzi naye akamatwe alfajiri, nyasi zikiwa na umande, maana kabla mwili wake haujapata joto hana nguvu ya kuruka.

Sasa tufike chini, Tana na mabwawa yake ya umeme upande wa Embu, kama Kamburu la mwaka 1974 na Masinga la mwaka 1981. Hapa bwana ni kambare. Macho yake ni madogo, lakini sharubu zake nane na ngozi yake vimejaa viungo vya kuonja. Huwinda zaidi usiku, katika tope, na harufu ndiyo njia yake. Utumbo wa kuku, maini, damu iliyoganda, nyama iliyoanza kunuka: vyote vinafaa. Wapo wavuvi wanaotumia hata kipande cha sabuni ya mche. Kanuni ni kwamba chambo kiachie harufu polepole na kisitoke ndoanoni. Mnyoo mkubwa uchome mara mbili, mkia ubaki unacheza. Mkunga, anayezaliwa Bahari ya Hindi na kupanda mto huu akiwa mdogo, naye hufuata harufu usiku. Domodomo amejaliwa hisi ya tatu: hutoa umeme hafifu mwilini na kwa huo hutambua viluwiluwi vilivyojificha topeni. Kwake weka mnyoo mwembamba, chini kabisa, gizani.

Mkondo huu wa mawazo unafaa hata nje ya Meru. Kwenye Ziwa Victoria, wavuvi wa sangara hutega mishipi mirefu yenye ndoano nyingi na kutumia vifaranga hai vya kambare. Sangara hushawishika na kitu kinachotikisika, na kambare, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu, hubaki hai ndoanoni na ndooni muda mrefu kuliko samaki wengine. Biashara hiyo imewapa wafugaji wa magharibi mwa Kenya soko la vifaranga, jambo ambalo mwenye bwawa tupu huko Igembe angelitafakari. Omena nao huvutwa kwa taa usiku usio na mwezi, nuru ikiwa ndiyo chambo. Pwani, tasi mla mwani hutegewa dema lililotiwa mwani, na changu huvuliwa kwa ngisi, ambaye nyama yake ngumu haing'oki ndoanoni ovyo.

Wataalamu waliyajuaje haya? Kwa kupasua matumbo. Mtafiti Philip Corbet, aliyefanya kazi Jinja, Uganda, katika miaka ya 1950, alichunguza matumbo ya samaki wa bonde la Ziwa Victoria na mwaka 1961 akachapisha ripoti ya vyakula vyao ambayo wanafunzi bado huirejelea. Mbinu hiyo ni kama kusoma risiti za duka: hazikuambii mtu anapenda nini, lakini zinakuambia alinunua nini. Nawe fanya hivyo. Samaki wa kwanza mpasue kutoka tundu la haja hadi chini ya matamvua, toa mfuko wa tumbo, umimine ndani ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Tenganisha vichwa vya wadudu, mabawa, magamba, mbegu, tope. Andika tarehe, mahali, saa na ulichokiona. Ukifanya hivyo msimu mzima, daftari lako litajua mto wako kuliko kitabu chochote.

Jambo la mwisho ni mipaka. Chambo nacho huvuliwa, na kinaweza kwisha. Anayekomba vifaranga kijitoni kwa chandarua cha mbu anavuna samaki wa mwaka kesho. Anayebeba samaki hai kutoka maji haya kwenda maji mengine anaweza kupanda balaa: kamba wa Kimarekani aliyetiwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 aliishia kufyeka mimea ya majini ya ziwa hilo. Utupa unaolevya samaki si chambo, ni sumu, na sheria inaukataza. Leseni ni lazima, na ndani ya mbuga usitupe mshipi bila ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wala usikaribie ukingo wa Tana jioni. Mamba hahitaji chambo kingine.

Kurasa zinazofuata zimepangwa kwa mwendo wa mto, kutoka kijito cha trauti hadi tope la kambare. Si lazima uzisome kwa mpangilio. Anza na maji yaliyo karibu na kwako, geuza jiwe moja, pasua tumbo moja, kisha fungua sura inayohusu ulichokikuta.