Gari Rahisi la Difu Mbili

Urahisi wa gari kuukuu la difu mbili, mathalani Land Rover za zamani, aghalabu sababu yake imejificha chini, katika giaboksi, propela na difu. Basi, ewe mnunuzi, kabla hujahesabu fedha, mwombe fundi afungue nati ya difu, uchovye kidole katika oili, ukitazame juani: chembe za chuma zikimetameta, huenda meno yanalika. Kishindo utiapo gia ya kurudi nyuma huenda ni krosi za propela tu, nazo si ghali. Lakini difu iliayo mwendoni ni msiba. Magari mengi yameharibiwa na madereva walioacha difu ya mbele ikivuta juu ya lami kavu, ambako magurudumu hayapati kuteleza, vyuma vikakazana. Bila fundi, usinunue.