Mwongozo wa Programu Huria: Istilahi, Mtumiaji na Mwandishi wa Kujitolea

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi lililokabidhiwa Baraza la Kiswahili la Taifa tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ni ile ya kuratibu ukuzaji wa istilahi. Watu wengi huifikiri kazi hiyo kuwa ni ya kutafuta maneno tu: kitu kipya huja nchini, nasi hukitafutia jina. Lakini zipo nyanja ambazo ndani yake neno lisilofaa haliharibu usemi peke yake, bali huwagombanisha watu. Katika makala haya tumekusudia kueleza nyanja moja ya namna hiyo, nayo ni miongozo ya programu huria za kompyuta. Miongozo hii aghalabu huandikwa na kufasiriwa na watu wa kujitolea, kisha husomwa na walimu, makarani na watumishi wengine wa umma wasiowajua waandishi hao.

Baadhi ya mifano yetu inatoka Njombe na Makambako, tulikopita kuzungumza na walimu na makarani juu ya maneno wanayoyatumia kazini. Makambako ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni mjini humo. Mahali pa namna hii maneno hukutana kama wasafiri. Neno la Chuo Kikuu, neno la fundi wa simu na neno la dukani hufika pamoja, na kila moja hutaka kukaa mbele.

2. Huria si bure

Yafaa kwanza tueleze maana. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha kompyuta, umewekwa wazi, na leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Fikra hiyo ilipewa msukumo na Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, alianzisha kiini cha mfumo wa Linux. Leo programu za aina hii zimeenea maofisini na mashuleni kwetu. Baadhi ya kompyuta za shule hutumia LibreOffice kuandikia barua na kupangia alama za wanafunzi, na Wizara ya Afya hutumia mfumo wa DHIS2 kukusanya takwimu zinazotoka katika vitabu vya MTUHA zahanatini.

Kiingereza kina neno moja tu kwa mambo mawili, uhuru na kutolipa, na wenye programu hizi wamekuwa wakisumbuka miaka mingi kueleza kwamba wanakusudia lile la kwanza. Kiswahili kimejaliwa maneno mawili, huria na bure. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku tulisikia zaidi programu ya bure kuliko programu huria. Tofauti hii si ndogo. Bure kwa Kiswahili ni kitu kisicholipiwa, lakini ni pia kitu kisicho na maana: twasema kazi bure, maneno ya bure. Basi mtu aliyepewa programu ya bure huanza na mashaka, kwa kuwa amekwisha kufundishwa kwamba rahisi ghali. Mwingine huichukulia kama bidhaa iliyogawiwa na mwenye mali, akadhani kwamba nyuma yake iko ofisi yenye wafanyakazi wanaolipwa kumhudumia. Wote wawili wamepotezwa na neno. Wa kwanza haoni faida ya kusema lolote akiona kasoro. Wa pili husema kwa ukali, kama mteja aliyeuziwa sukari yenye mchanga.

3. Mwongozo na waandishi wake

Kuandika programu na kuandika mwongozo wake ni kazi mbili mbalimbali. Ya kwanza huleta sifa, na wenye ujuzi huikimbilia. Ya pili ni ya uvumilivu, na wanaoikimbilia ni wachache. Stallman mwenyewe aliandika kwamba upungufu mkubwa wa mifumo huria si programu bali ni miongozo mizuri iliyo huria. Jitihada za kuziba pengo hilo zilianza mapema: mradi wa kuandika miongozo ya Linux ulianza mwaka 1992, na mwaka 2000 ilitolewa leseni maalumu ya GNU kwa ajili ya maandishi.

Kwetu Tanzania kazi hii ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2004, ilipotolewa Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux uliowaunganisha wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa Kiswahili na wenzao kutoka Sweden. Kwa mara ya kwanza karani aliweza kufungua programu nzima ya ofisi na kukuta menyu zimeandikwa kwa lugha anayoiota. Lakini programu haikai mahali pamoja. Mwezi Oktoba 2005 programu ya asili, OpenOffice, iliingia toleo la 2.0; mwaka 2010 baadhi ya watengenezaji wake walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Kila toleo huleta amri mpya, huhamisha za zamani na kufuta nyingine. Maana yake ni kwamba tafsiri haimaliziki. Ni kama kupalilia: aliyepalilia mwaka jana hawezi kusema shamba lake ni safi mwaka huu.

Hapo ndipo mzigo wa mwandishi wa kujitolea unapoonekana. Anafanya kazi usiku baada ya ajira yake, akilipia intaneti mwenyewe. Hakuna anayemshukuru mwongozo ukiwa sahihi, kwa sababu msomaji aliyefanikiwa hufunga ukurasa akaendelea na kazi yake. Anayemwandikia ni yule aliyekwama.

4. Ugomvi huanzia wapi

Tuchukue mfano wa mwalimu mkuu katika shule ya kata nje ya Makambako, anayetakiwa kupeleka matokeo ya kidato cha pili kesho asubuhi. Mwongozo wa Kiswahili unamwambia abofye Tunza. Kwenye kiwambo hakuna Tunza, pana Hifadhi. Katika menyu iliyo jirani pana neno la Kiingereza lililobaki bila kufasiriwa. Sisi wanaistilahi twaweza kusema kwamba tunza na hifadhi ni visawe. Mwalimu huyu hana nafasi ya visawe. Kwake neno lisiloonekana kwenye kiwambo halipo, na mwongozo unaolitaja ni mwongozo wa uongo. Anapoandika lalamiko usiku huo, huandika kama mtu aliyedanganywa.

Mpokeaji wa lalamiko naye ana haki yake. Huenda aliyefasiri menyu ni mtu mmoja na aliyefasiri mwongozo ni mwingine. Wamefanya kazi miaka tofauti, mmoja akifuata kamusi hii na mwingine orodha ile. Wala hakuna aliyewapa istilahi moja iliyosanifiwa ya kufuata. Basi anajibu kwa neno lililo maarufu katika duru hizi: kama hupendi, sahihisha mwenyewe. Kwa mwenye ujuzi, neno hilo ni mwaliko, kwani leseni kweli yaruhusu. Kwa mwalimu mwenye matokeo ya kesho, ni mlango uliofungwa usoni.

Wasomaji wetu wanaujua msaragambo. Mwanakijiji aliyeleta tofali kumi kwa ajili ya zahanati haulizwi kwa nini hakuleta ishirini. Lakini ukuta ukipasuka, mgonjwa aliyelala ndani haulizi kama tofali zilitolewa au zilinunuliwa. Wote wawili wana haki, na haki ya mmoja haiifuti ya mwenzake. Kosa ni kudhani kwamba kujitolea humwondolea mtu wajibu wa usahihi, au kwamba haja ya mtumiaji humwondolea wajibu wa adabu.

5. Miongozo si ya aina moja

Sababu nyingine ya ugomvi ni kwamba neno mwongozo limebebeshwa mizigo mingi. Daniele Procida, mtaalamu wa maandishi ya programu, amepambanua aina nne za maandishi haya, nasi twaona upambanuzi huo wafaa kupewa istilahi za Kiswahili. Twapendekeza zifuatazo:

(a) Mafunzo: maandishi yanayomshika mkono mwanafunzi tangu mwanzo hadi mwisho, ili apate kujifunza.

(b) Maelekezo: hatua za kutimiza kazi moja maalumu, kwa mtu ambaye tayari anajua misingi.

(c) Marejeo: orodha kamili ya amri na maana zake, ya kutazamwa kama kamusi.

(d) Ufafanuzi: maelezo ya kwa nini jambo liko hivyo lilivyo.

Mwalimu wetu wa Makambako alihitaji maelekezo. Akipewa marejeo ya kurasa mia nne atasema mwongozo haueleweki, na mwandishi atajibu kwamba kila kitu kimo humo. Wote wamesema kweli. Laiti jalada lingesema Marejeo badala ya Mwongozo, nusu ya maneno yao yasingesemwa.

6. Neno, mazoea na adabu

Istilahi nzuri hukua haraka ikipata mzizi katika maisha ya watu. Neno bofya ni mfano mwema. Sokoni Makambako hakuna asiyejua kubofya parachichi kuona kama limeiva, kwa hiyo kubofya kitufe hakuhitaji kufafanuliwa. Vivyo hivyo pakua, lililotoka jikoni, limekubalika kwa wazee na vijana. Kinyume chake, puku halikushika. Watu husema kipanya, na wengi husema mausi. Kabrasha lafahamika kwa aliyezoea majalada ya ofisi, na halifahamiki kwa kijana aliyeanzia kwenye simu, ambaye husema folda. Mfasiri wa kujitolea aliye mbali, akiamua kutumia puku kwa kuwa ndilo alilolikuta katika orodha, hana kosa la sarufi. Amekosa tu kumsikia mtumiaji wake.

Kuna na suala la adabu. Miongozo ya Kiingereza huamuru: fungua, chagua, futa. Kiswahili chaweza kuamuru pia, na katika hatua fupi za maelekezo amri hiyo haina ubaya, kwani hata mapishi huandikwa hivyo. Lakini jibu la swali si hatua ya mapishi. Kijana akimjibu mtu asiyemjua kwa kusema kasome mwongozo, huenda anamjibu mzee ambaye wangekutana Njombe mjini angemwamkia shikamoo. Kiambishi ka- katika amri hiyo humfukuza msikilizaji. Maana ile ile yaweza kusemwa hivi: mzee wangu, tafadhali utazame sura ya tatu, nasi tuko hapa ukikwama. Maneno yameongezeka machache. Kinachookolewa ni mtumiaji ambaye kesho angeweza kuwa mchangiaji.

7. Mapendekezo

Kwa watumiaji, hasa walimu na watumishi wa umma, twapendekeza kwamba taarifa ya kasoro ya mwongozo iwe na mambo matatu: toleo la programu, ukurasa au sura ya mwongozo, na neno lililoonekana kwenye kiwambo badala ya lile lililotajwa. Taarifa ya namna hiyo ni mchango kamili, hata kama aliyeitoa hajui kuandika mstari mmoja wa msimbo. Lalamiko lisemalo tu kwamba mwongozo ni mbovu humhuzunisha mwandishi bila kumwonyesha pa kuanzia.

Kwa waandishi na wafasiri wa kujitolea, twapendekeza kila mwongozo utaje toleo unalolihusu na tarehe uliyopitiwa mwisho. Neno la menyu linakiliwe kama lilivyo kwenye kiwambo, hata pale mfasiri anapojua lililo bora. Na pendekezo la neno bora lipelekwe kwa wanaofasiri menyu, ili yabadilike yote mawili kwa pamoja.

Kwa waajiri, pamoja na halmashauri na shule, twasema hivi: ofisi iliyookoa gharama ya leseni kwa kutumia programu huria imepokea kitu. Saa chache kwa mwezi za karani mmoja hodari, akiruhusiwa kusahihisha mwongozo katika muda wa kazi, zingekuwa malipo ya haki.

Kwa upande wetu wanaistilahi, hatuna budi kukiri ukweli wa kazi yenyewe: usanifishaji huenda kwa miaka, na programu huenda kwa miezi. Njia iliyo wazi ni kutoa orodha fupi za muda kwa kila nyanja, zikiwa na alama ya kuonyesha kwamba bado zinajaribiwa, ili wafasiri wasilazimike kubuni kila mmoja peke yake.

8. Hitimisho

Mwandishi wa kujitolea akichoka hatangazi. Huacha tu kufungua kompyuta yake usiku, na mwongozo huanza kuzeeka kimya kimya. Mtumiaji akikata tamaa naye hatangazi. Hurudi kwenye menyu za Kiingereza au kwenye nakala ya wizi ya programu ya kulipia. Kiswahili hupoteza mara mbili, pande zote mbili zikidhani kwamba zimeshinda ubishi. Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa umma watuletee maneno wanayoyatumia kweli katika kazi zao, pamoja na yale yaliyowakwamisha, ili orodha zitakazofuata zitokane na kazi ya watu.