"Mtaa wa Watu Wastaarabu": Tangazo la Chumba Linasema Nini Hasa?

Fungua tovuti yoyote ya nyumba za kupanga, au kurasa za madalali wa mjini. Picha nne, bei, kodi ya miezi sita, halafu mstari mmoja wa kukuvuta: "mtaa tulivu, wanakaa watumishi watupu." Au "eneo la watu wastaarabu." Mengine hayazungushi maneno: "anatakiwa Mwislamu", "asiwe mwanachuo", "dada asiye na mtoto." Sisi tunaotafuta geto tunaupita mstari huo haraka maana macho yako kwenye bei. Lakini sehemu ya bei imejificha humo humo.

Wakati wa TP nilitafuta chumba Kibaoni, Ifakara. Kimoja kiliandikwa "mtaa wa watumishi", na kilizidi kwa shilingi elfu kumi kwa mwezi kile cha nyumba ya nyuma yake, ukubwa ule ule, choo cha nje vile vile. Nikamwuliza dalali, kaka, hao watumishi ni akina nani? Akanijibu: "Wewe si mwalimu? Ukihamia, tayari." Kwenye nyumba ile alikuwepo nesi mmoja, kweli. Walikuwepo pia mama muuza mchele, vijana wawili wa bodaboda, fundi cherehani na familia iliyotoka Usukumani. Nesi ndiye aliyeingia kwenye tangazo.

Marekani tovuti za nyumba zina pa kuchota: sensa yao huuliza rangi, na takwimu hizo zinapatikana hadi ngazi ya vitongoji. Huku kwetu sensa ya 2022 haikuuliza dini wala kabila. Maswali hayo yaliachwa baada ya sensa ya 1967. Kwa hiyo anayeandika "mtaa wa Wakristo" au "upande wa Wasukuma" hana hesabu yoyote mkononi. Ana mdomo tu, na labda sura ya mtu mmoja aliyemwona getini.

Maneno ya adabu kufanya kazi ya ubaguzi si jambo geni. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliigawa Dar es Salaam kwa aina ya jengo: huku nyumba za mtindo wa Kizungu, kule vibanda. Waingereza wakaendelea na kanda tatu. Kwenye karatasi ilikuwa habari ya mawe na makuti. Mitaani ikawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo. Mpaka leo Dodoma kuna Uzunguni na Mbeya kuna Uhindini. Ifakara majina mengi yamepona ugonjwa huo: Kibaoni ni penye kibao, Viwanja Sitini ni viwanja, basi.

Wamarekani walipitisha sheria mwaka 1968 inayokataza tangazo la nyumba kuonyesha kwamba linataka watu wa rangi au dini fulani. Ubaguzi ukatafuta mlango mwingine. Tovuti kama Zillow na Redfin huonyesha alama za shule kando ya nyumba, moja hadi kumi, na alama hizo hufuatana sana na kipato cha wazazi. Desemba 2021 Redfin ilitangaza kwamba haitaweka takwimu za uhalifu wa mitaa, kwa hoja kwamba zinapotosha na zinaweza kuendeleza ubaguzi wa rangi. Alama za shule zikabaki.

Hapo ndipo mimi wa ualimu ninapokerwa zaidi, kwa sababu na sisi tumeshaanza. "Karibu na inglishi midiamu" haimaanishi mtoto atasoma vizuri. Inamaanisha majirani wana hela. Shule ya msingi ya serikali iliyo jirani zaidi haitajwi kabisa. Na lebo haibaki kwenye tangazo. Ofisi ya walimu nimesikia "wale wa upande ule wasumbufu" wiki ya kwanza ya muhula, madaftari hayajasahihishwa hata mara moja.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, mahali mtu alikotoka na hali yake ya maisha. Sijaona dalali anayeikumbuka akiandika tangazo, na kusema kweli hata sisi wapangaji hatumkumbushi. Tukisikia "wastaarabu" tunajihesabu humo.

Sisemi mtu asiulize. Dada anayerudi saa tatu usiku ana haki ya kujua njia ikoje. Ila ulizia mahali: taa zipo? Bomba linatoa maji siku ngapi kwa wiki? Geti linafungwa saa ngapi, na funguo anakaa nazo nani? Kwa Ifakara ongeza moja: masika maji yanafika wapi? Mto Lumemo ukijaa hauchagui mtumishi wala bodaboda. Jibu la swali hilo sikulipata kwenye tangazo lolote. Nililipata kwa yule mama wa mchele, aliyenionyesha alama ya maji ukutani, chini kidogo ya dirisha la chumba cha "watumishi."