CHAMBO CHA MANYOYA KIFANANACHO NA SAMAKI

Watu wengi hudhani kwamba samaki huvuliwa kwa mnyoo tu. Lakini trauti akiisha kuwa mkubwa hupenda kula samaki wadogo, na mvuvi ajuaye tabia hiyo aweza kumdanganya kwa manyoya. Chambo kimoja mashuhuri cha namna hiyo ni Gray Ghost, yaani Pepo wa Kijivu, kilichobuniwa na Bibi Carrie Stevens wa jimbo la Maine, Marekani.

Bibi huyo alikuwa mshonaji wa kofia za wanawake, kwa hiyo alizoea kazi ya manyoya. Tarehe 1 Julai, 1924, alifunga chambo cha mfano wa samaki mdogo, akaenda kukijaribu huko Upper Dam. Akavua trauti wa ratili 6 na wakia 13, akapata tuzo ya pili katika mashindano ya gazeti la Field & Stream. Tangu hapo watu walimwagizia vyambo kwa wingi, na kazi ya mikono yake ikawa biashara. Alivifunga kwa vidole vitupu, bila jiliwa. Gray Ghost kilifuata baadaye.

Hufungwa hivi. Kwanza twaa ndoana yenye shina refu, uizungushie hariri ya rangi ya machungwa, na juu yake utepe mwembamba wa fedha, kwa nafasi zilizo sawa. Chini ya shingo funga nyuzi chache za unyoya wa tausi na nywele nyeupe za mkia wa kulungu. Hizo ndizo tumbo la samaki. Juu yake weka manyoya manne marefu ya jogoo, ya rangi ya kijivu, yalale juu ya shina. Kila ubavu hupewa unyoya mpana wa fezanti wa fedha, na juu yake unyoya mdogo wa jogoo wa mwituni wa Bara Hindi, ambao ni kama jicho. Manyoya yakikaa upande, chambo huzunguka majini na kuusokota mshipi. Kwa hiyo yafaa kuyanyosha kabla ya kukaza uzi.

Mtoni, mvuvi hutupa chambo kukata mkondo, akauacha mkondo ukivute, kisha huuvuta mshipi kidogo kidogo na kutua, mfano wa samaki aliyejeruhiwa. Ziwani chambo hukokotwa polepole nyuma ya mashua.

Katika Kenya trauti si wa asili. Waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Maji hayo ya baridi yana sheria zake. Atakaye kuvua na apate kibali kwanza, kwa maana chambo kizuri hakimwondolei mtu hatia.