Fahamu: Harufu mbaya ya viwanda na mifugo hupimwaje?

Uvundo wa machinjio, kiwanda cha ngozi au banda la nguruwe huwanyima watu usingizi na hamu ya kula. Huo ni uchafuzi wa hewa, na unaweza kupimwa na kuwekewa mipaka. Ujerumani ni mfano mzuri.

Pua ndiyo kipimo

Hewa hukusanywa kwenye mfuko na kupelekwa maabara. Watu waliochujwa kwa uwezo wao wa kunusa huinusa ikiwa imezimuliwa kwa hewa safi. Pale nusu yao wanapoanza kuisikia, hapo ndipo kizio kimoja cha harufu. Ikizimuliwa mara 500 kufikia hapo, ina vizio 500 kwa mita ya ujazo.

Kompyuta hukadiria nini?

Modeli hupewa kiasi cha harufu inayotoka, kimo cha bomba, upepo na sura ya ardhi. Hukadiria ni saa ngapi kwa mwaka harufu itawafikia majirani. Ikisikika kwa dakika 6 au zaidi ndani ya saa moja, saa hiyo inahesabiwa.

Mipaka ni ipi?

Tangu Desemba 2021, kanuni za Ujerumani za usafi wa hewa, TA Luft, huweka ukomo wa asilimia 10 ya saa za mwaka kwenye makazi, yaani saa 876, na asilimia 15 maeneo ya viwanda. Saa za harufu ya kuku wa nyama huzidishwa kwa 1.5 kwa kuwa hukera zaidi. Za ng'ombe wa maziwa huzidishwa kwa 0.5.

Kwa nini ni muhimu?

Makadirio hufanywa kabla ya kibali kutolewa. Banda linaweza kusogezwa au kufungiwa kichujio likiwa bado mchoro, na mwananchi akalindwa mapema.