Wanahewa wa Vita Kuu na Wapagazi Wao

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai, taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Sisi wa Mtwara hatuna haja ya kwenda mbali siku hiyo. Pale Naliendele, nje kidogo ya mji wetu, wamelala askari wa Tanzania waliokufa katika miaka ya 1980 wakiisaidia nchi jirani ya Msumbiji. Wanafunzi wa Chama cha Historia huenda huko kufagia, kusoma majina na kusimama kimya kwa dakika chache.

Mwaka jana tuliporudi kutoka huko, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza: "Mwalimu, katika vita vya zamani hapakuwa na watu waliokufa wakiruka na ndege huku kwetu? Na kama walikuwapo, nani huwakumbuka?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzake alimjibu upesi: "Hao walikuwa Wazungu, walikuja kugombania nchi isiyo yao. Kwa nini tuwakumbuke?" Kengele ikalia. Niliwaahidi wote wawili kwamba nitajibu katika gazeti la shule, kwa kuwa niliona kila mmoja ana sehemu ya haki.

Kwanza na tuyajue mambo yenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, ndege zilikuwa bado kitu kigeni duniani. Zilitengenezwa kwa mbao nyepesi, nyaya na nguo iliyopakwa dawa ili ikaze. Marubani wa Kiingereza waliziruka bila miavuli ya kujiokoa. Ndege za namna hiyo ndizo zilizoletwa katika pwani yetu, penye joto, unyevu na mvua. Gundi ililegea, mbao zilipinda, nazo injini zilichemka. Hewa ya joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo mabawa hayapati nguvu ya kutosha ya kuinua mzigo. Ndege iliyopaa vizuri Ulaya ilipofika hapa ilishindwa hata kuondoka majini.

Sababu ya kuletwa ndege hizo ilikuwa manowari moja ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Wanaoijua Rufiji wanajua jinsi mikoko ilivyosongamana huko na mito midogo inavyogawanyika. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu maji ni haba, na zikikaa nje baharini hazikuweza kumwona adui. Palihitajika jicho la kutazama kutoka juu.

Rubani wa kwanza kuitafuta aliitwa Cutler, mtu aliyekuwa akirusha ndege zake huko Durban, Afrika Kusini. Mwezi Novemba 1914 alianza kuruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia, kwa ndege inayotua majini. Kipoza maji cha injini yake kilipoharibika, kililetwa cha motokaa ya Ford kutoka Mombasa, naye akaruka tena. Aliiona Königsberg kwa macho yake. Lakini tarehe 10 Desemba 1914 injini ilizimika, akashuka mtoni, akatekwa.

Mwaka 1915 Waingereza waliitwaa Mafia wakatengeneza huko uwanja wa ndege. Kisha walileta manowari mbili bapa, Severn na Mersey, zilizoweza kupita katika maji haba. Wapiga mizinga wa manowari hizo hawakuweza kuona shabaha yao, maana mikoko iliwazuia. Basi kazi iligawanywa hivi: mizinga ilipigwa kutoka chini, na juu yake ndege ilizunguka ikiwa na watu wawili, rubani na mwangalizi. Mwangalizi alitazama risasi ya mzinga ilipoangukia, kisha akapeleka habari kwa simu ya upepo: imepita mbele, imepungua, imekwenda kushoto, imekwenda kulia. Wapigaji walisahihisha mizinga yao wakapiga tena.

Walijaribu tarehe 6 Julai 1915 bila kufaulu. Tarehe 11 Julai walirudi. Katika ndege iliyokuwa ikielekeza walikuwamo rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold. Risasi za Königsberg ziliipiga injini yao, ikaanza kufa. Mtu mwingine angeacha kila kitu afikirie roho yake. Lakini Cull alipokuwa akiishusha ndege polepole kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kupeleka habari za kusahihisha mizinga, na mizinga ikaipata Königsberg. Ndege ilianguka majini ikapinduka. Arnold alirushwa nje, lakini Cull alinaswa na mkanda wake chini ya maji, akajinasua kwa shida. Mashua ya Mersey iliwaokoa wote wawili. Siku hiyohiyo Nahodha Max Looff aliiharibu manowari yake mwenyewe ili isitekwe. Mizinga yake kumi ilitolewa, ikawekewa magurudumu na kukokotwa na watu nchi kavu ili kuendelea na vita. Mmoja upo mpaka leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Delta hiyohiyo ilitwaa roho ya mwingine. Tarehe 6 Januari 1917 rubani Edwin Moon na mwangalizi wake, Komanda Richard Bridgeman, walishuka mtoni injini ilipoharibika. Waliichoma ndege yao isije ikatwaliwa, kisha wakaanza kutafuta njia ya kufika baharini. Kwa siku kadhaa walihangaika katika matope na mikondo ya maji, bila chakula. Walijitengenezea chelezo, maji yakawachukua hadi baharini. Bridgeman akafa kwa uchovu, ingawa Moon alijitahidi sana kumshikilia. Moon alitupwa ufukoni, akachukuliwa mateka. Alinusurika vita vile, lakini tarehe 29 Aprili 1920 alikufa katika ajali ya ndege huko Felixstowe, Uingereza.

Sasa na tuje karibu na nyumbani. Mwezi Septemba 1916 Waingereza walitua Mikindani na Lindi, na mwaka 1917 vita ilihamia katika nchi yetu hii ya kusini. Ndege za kikosi cha 26, ambacho watu wake wengi walitoka Afrika Kusini, zilisaidia mapigano ya upande wa Lindi. Ng'ambo ya Ruvuma, Wareno nao walileta kikosi cha ndege Mocímboa da Praia. Mwezi Septemba 1917, kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, rubani wao Jorge Gorgulho alianguka na ndege yake akafa. Kutoka Msimbati, mahali Ruvuma inapoingia baharini, hadi Mocímboa da Praia si mbali kwa jahazi.

Wajerumani nao walikuwa na wanahewa wao. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa kilichojazwa gesi, jina lake L59, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na shehena ya tani 15 hivi za risasi, dawa na mahitaji mengine. Urefu wake ulikuwa mita 226, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Nacho kilikuwa kinakuja wapi? Kilikuwa kinakuja katika nyanda za juu za Wamakonde! Huku hapakuwa na gesi ya kukijaza upya, kwa hiyo kisingerudi tena. Nguo yake ingeshonwa mahema na mavazi, nao mabaharia wake wa hewani wangejiunga na jeshi la Lettow-Vorbeck. Lakini kilipofika Sudan kiliitwa kirudi kwa simu ya upepo, kwa kuwa nyanda zile zilikuwa zinaponyoka mikononi mwa Wajerumani. Kilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya kukaa hewani saa 95. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma pale Negomano kuingia Msumbiji. Tarehe 7 Aprili 1918 L59 kiliwaka moto juu ya bahari karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa.

Hayo ndiyo majibu ya swali la mwanafunzi wa kwanza. Watu walikuwapo, na baadhi yao walikufa. Sasa nimgeukie yule wa pili.

Ni kweli kwamba watu wale hawakuja kututetea sisi. Walipigana kwa ajili ya mataifa yao, na nchi iliyogombaniwa ilikuwa na wenyewe. Lakini wahenga walisema: Mgala mwue, na haki yake mpe. Arnold kuendelea na kazi yake huku ndege ikianguka, na Moon kumshikilia mwenziwe majini, ni matendo ambayo hata mpinzani huyasifu. Kuheshimu moyo wa mtu si kukubali kila alilotumwa kulifanya. Mwanafunzi wa historia lazima ajue kutenga mambo hayo mawili.

Lakini kuna haki nyingine, na hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Jiulizeni: ndege ile iliruka kwa nini? Iliruka kwa petroli. Petroli ilifikaje uwanjani, mahali pasipo reli wala barabara ya motokaa? Nani alikata miti, akang'oa visiki, akafukia mashimo ili ndege ipate mahali pa kutua? Debe moja huchukua kiasi cha lita 18, na injini ya wakati ule ilikula zaidi ya debe moja kwa saa. Katika nchi isiyo na njia, mzigo huo na vyakula, risasi na vipuri ulisafiri juu ya vichwa vya watu.

Bibi yangu, mzaa mama, alinisimulia habari za mjomba wake. Mwaka ule wa vita alichukuliwa kijijini kuwa mpagazi, akapelekwa upande wa Lindi. Mtu mmoja aliyerudi alisema alimwona akibeba madebe kwenye "uwanja wa ndege-ulaya", akiwa na homa. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Mama yake bibi alimngoja kaka yake miaka mingi, na kila msafiri aliyepita alimwuliza. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye nguzo ya nyumba. Kwa hiyo msielewe kwamba alipotea mpagazi mmoja tu. Nyumba nzima ilibaki bila nguzo. Kaburi lake halijulikani, wala hakuna jiwe lenye jina lake.

Jambo hili halikuipata nyumba yetu peke yake. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 yawakumbuka wote kwa jumla, lakini majina hayamo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Basi twaweza kumtaja Bridgeman, siku aliyopotea na mahali alipopotea, kwa sababu jina lake liliandikwa. Mjomba wake bibi hakuandikwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanafunzi wangu wawili ni hili. Tuwakumbuke wanahewa, maana walikuwa watu na walionyesha ushujaa katika nchi yetu. Lakini tusiwakumbuke nusu. Kila tunapotaja rubani aliyekuwa juu, tumtaje na aliyekuwa chini na debe kichwani. Bila huyu, yule asingeruka.

Nami nina ombi. Mwende likizo mkiwa na daftari. Waulizeni babu na bibi zenu, wa Mikindani, Nanyamba, Newala, Tandahimba na Msimbati: je, katika ukoo wetu yupo aliyechukuliwa kwenda vitani asirudi? Mkipewa jina, liandikeni. Mkipewa kijiji alichotoka, kiandikeni. Kama jina limesahauliwa, andikeni hata "mjomba wa bibi". Wazazi mtakaosoma gazeti hili, tafadhali msiwafukuze watoto watakapowasumbua kwa maswali hayo.

Siku ya Mashujaa ijayo, tutakapokwisha kufagia Naliendele na kusoma majina yaliyopo pale, Chama cha Historia kitasoma daftari hilo mbele ya shule nzima. La kwanza nimekwisha kuliandika mimi.